Kwa basi nyuma ya Herakles: Athens, Peloponnese na Delphi

Wifi amesharudi Dar, mimi nimesharudi kazini huku Ujerumani, na sasa ndiyo nimepata nafasi ya kupanga picha na kusoma nilichoandika kwenye daftari. Tulikwenda Ugiriki mwezi Mei. Wifi anafundisha sekondari na ni mwanakwaya asiyekosa mazoezi, kwa hiyo miungu wa Kigiriki aliwaendea kwa tahadhari. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kuona sehemu zenyewe. Hadithi hizi hazikutokea "zamani za kale mahali fulani". Kila moja ina kisima chake, mlima wake, njia panda yake, na karibu zote unafika kwa basi.

Kuhusu viza: wifi aliomba ya Schengen ubalozi wa Ujerumani kwa sababu muda mwingi angekaa kwangu, na viza hiyohiyo ikamwingiza Ugiriki. Ada ni euro 90, na hairudishwi hata ukinyimwa.

Jumamosi. Athens

Metro kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji ni euro 9, na tiketi ya kawaida ya mjini haikubaliki kwenye safari hiyo. Wengi hunaswa hapo na kutozwa faini. Tukatua mizigo, tukanunua koulouri, mkate wa duara uliojaa ufuta, euro moja kila mmoja, tukaenda moja kwa moja Areopago. Wifi ndiye aliyeamua. Ni mwamba mtupu chini ya Akropolis, mlima wa mahekalu ya kale, hakuna kiingilio, na mawe yamelainishwa na nyayo hadi yanateleza hata pasipo mvua. Vaeni viatu vya kushika.

Chini ya mwamba kuna bamba la shaba lenye hotuba ya Paulo kwa Kigiriki. Wifi akafungua Matendo 17 kwenye simu, akaisoma yote amesimama, na watalii wawili waliokuwa wanapiga picha wakashusha kamera wakamsikiliza bila kuelewa neno. Alipomaliza nikamwambia kwamba mwamba huu ulikuwa mahakama kabla ya Paulo kuzaliwa. Kesi ya kwanza ilikuwa ya mungu Ares. Mtoto wa Poseidon, mungu wa bahari, alitaka kumbaka Alkippe, binti wa Ares, Ares akamuua, Poseidon akamshtaki, miungu wakaketi hapa na kumwachia huru.

"Walimwachia?" wifi akauliza.

"Walimwachia."

"Basi angalau mara moja walitenda haki."

Tangu hapo akawa anafuatilia kesi, na kila kituo alitaka kujua nani alimkosea nani.

Jumapili. Akropolis

Tiketi ni euro 30 na ina saa yake ya kuingia. Chukueni ya saa mbili asubuhi, mnunue mapema mtandaoni kwenye tovuti ya serikali. Saa nne tulikuwa tunashuka wakati makundi ya meli za kitalii yanapanda, na jua limeanza kuchoma.

Watu wote hukimbilia Parthenon, hekalu kubwa la mungu wa kike Athena. Mimi ningeshauri uende kwanza Erechtheion, jengo dogo lililo kaskazini yake. Hapo ndipo Athena na Poseidon waligombea mji. Poseidon alipiga mwamba kwa mkuki wake wa ncha tatu, yakatoka maji ya chumvi. Athena akaotesha mzeituni, akashinda. Kwenye baraza la kaskazini kuna sehemu ya sakafu iliyoachwa wazi ili mwamba uonekane na alama zake, na ukiinua macho, dari juu ya pale nayo ina tundu lililoachwa kwa makusudi, ili pigo la mungu lisizibiwe njia. Nilisimama pale muda mrefu kuliko Parthenon. Fundi aliyejenga lile paa aliiamini hadithi kiasi cha kukubali mvua iingie.

Mzeituni upo pia, upande wa magharibi, ingawa huo ulioko sasa ni wa kupandwa juzijuzi tu. Wifi, ambaye kwao ni Tanga, alikuwa na hukumu yake: "Poseidon aliwapa maji ya chumvi. Kwetu tungemwambia ahsante baba, tunayo."

Ugomvi wenyewe ulichongwa upande wa magharibi wa Parthenon, lakini sanamu nyingi zilizobaki ziko London tangu Elgin, balozi wa Uingereza, alipozibomoa na kuzichukua mwanzoni mwa karne ya 19. Jumba la makumbusho lililofunguliwa 2009 chini ya mlima limeweka nakala za plasta pale zinapokosekana. Nakala ni nyeupe, mawe halisi yana rangi ya asali. Hawajaandika lawama yoyote pale. Macho yanatosha.

Jumatatu. Elefsina

Metro hadi Agia Marina, halafu basi la mjini. Barabara ya zamani bado inaitwa Iera Odos, Njia Takatifu, na leo imejaa maduka ya matairi na fanicha. Elefsina yenyewe ni mji wa viwanda na meli chakavu zilizotia nanga, wala usitarajie mandhari ya kadi za posta. Mimi niliupenda kuliko miji mingine yote ya safari hii.

Hapa Demeter, mama wa nafaka, aliketi kisimani akimlilia bintiye Persephone aliyetekwa na Hades, mungu wa kuzimu. Aligoma, mbegu zikakataa kuota duniani kote, hadi Zeus, mfalme wa miungu, akalazimika kusikiliza. Binti alirudishwa, lakini alikuwa ameshakula punje za komamanga kuzimu, kwa hiyo kila mwaka lazima arejee kwa mumewe kwa miezi kadhaa. Kisima kipo, kimezungushiwa mawe. Pango la Hades lipo, ni mdomo wa mwamba ambao mtu mmoja angeweza kujikinga mvua. Ukumbi mkubwa wa ibada za siri, Telesterion, umebaki ngazi na misingi ya nguzo. Maelfu waliingia humo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na adhabu ya kutoboa siri ilikuwa kifo. Siri ikatunzwa kweli, kwani hadi leo hakuna andiko linaloeleza wazi kilichoonyeshwa usiku ule.

Juu ya magofu kuna kanisa dogo la Bikira Maria. Mama mmoja aliyekuwa anafagia nje alituita kwa mkono, akatupa maji baridi na malimau manne kutoka mfukoni mwa aproni, na kwa Kiingereza cha kuokoteza akatueleza kwamba mwezi Novemba, wakati wa kupanda, watu huja hapa na mikate na nafaka zilizochemshwa kubarikiwa. Wifi akamwangalia, akaangalia kisima cha Demeter chini, akanyamaza. Malimau tuliyatumia hadi Nafplio.

Jumanne. Kuelekea Nafplio

Stendi ya Kifissos ina kelele na foleni, lakini basi liliondoka kwa wakati. Nauli kama euro 15, mwendo wa saa mbili na kidogo. Kaeni macho mnapokaribia Korintho, maana mfereji uliomalizika 1893 unaonekana sekunde chache tu kutoka darajani, ufa wa kilomita 6 uliochongwa wima kwenye mwamba.

Mlima mkavu uliosimama nyuma ya Korintho ya kale ni Akrokorintho. Mfalme wa huko alikuwa Sisyphus, yule anayesukuma jiwe milele kuzimu. Wifi alishangaa kwamba Wakorintho wa kwenye Biblia walikuwa na mwenyeji kama huyo. Nikamwambia asome barua zenyewe, ataona hawakubadilika sana.

Nafplio ni mji mzuri na ghali. Pateni chumba mitaa ya nyuma, mbali na bahari.

Jumatano. Mycenae

Basi linakushusha Fichti, njia panda kwenye barabara kuu, na kutoka hapo hadi magofu ni kama kilomita 4 za kupanda. Tulikuwa tumetembea robo tu, mzee mwenye pikapu iliyojaa makreti matupu ya machungwa akasimama. Hakusema Kiingereza, sisi hatusemi Kigiriki. Akaonyesha juu, tukaitikia, wifi akakaa mbele, mimi nyuma na makreti. Tulipotaka kumlipa aliweka mkono kifuani na kuondoka. Kiingilio ni euro 20, na hakuna kivuli ndani, bebeni maji.

Lango la Simba lilijengwa karibu mwaka 1250 KK. Mawe ya ukuta ni makubwa mno, ndiyo maana Wagiriki wa baadaye walisema yalibebwa na Cyclops, majitu ya jicho moja. Simba wawili wamesimama juu ya lango bila vichwa. Unapita chini yao, na mkono wa kulia unakutana na duara la makaburi ambako mchimbaji wa Kijerumani Schliemann alichimba dhahabu mwaka 1876.

Hapo wifi alitaka kesi nzima, nami nikamsimulia tumeketi juu ya jiwe tukila mkate wa mchicha. Atreus, mfalme wa hapa, alimlisha ndugu yake Thyestes nyama ya watoto wa huyo huyo Thyestes. Mtoto wa Atreus, Agamemnon, alimtoa binti yake Iphigenia kafara ili apate upepo wa kwenda vitani Troya. Alirudi baada ya miaka kumi akiwa na suria, mkewe Klytaimnestra akamuua. Mtoto wao Orestes akamuua mama yake, na ni kesi yake iliyokwenda kusikilizwa kwenye ule mwamba wa Areopago.

"Hakukuwa na wazee wa ukoo?" wifi akauliza. "Mtu wa kuwaita wakae chini?"

Sikuwa na jibu. Kadiri ninavyoikumbuka hadithi hii, hakuna hata sehemu moja ambapo mtu anaitisha kikao.

Msikose kaburi liitwalo Hazina ya Atreus, liko nje kando ya barabara. Unaingia kwenye kuba la mawe la mita 13 na ushee kwenda juu, na boriti moja ya jiwe juu ya mlango inakadiriwa kuwa na tani 120. Ndani kuna ubaridi, na nyuki wanavuma juu kabisa.

Alhamisi. Tiryns na Lerna

Siku iliyonifundisha zaidi, na wageni ni wachache. Tiryns iko kama kilomita 4 kutoka Nafplio, kando ya barabara ya Argos, basi linapita mlangoni. Ni kilima kifupi chenye kuta nene kupita za Mycenae. Hapa aliishi mfalme Eurystheus, mtu mwoga aliyepewa mamlaka juu ya Herakles, shujaa aliyelazimika kumfanyia kazi kumi na mbili ngumu. Siku Herakles alipomletea nguruwe mwitu mzima, mfalme aliruka ndani ya mtungi akajificha.

Panda juu ya ukuta uangalie kusini-magharibi. Ng'ambo ya ghuba, kwenye ukingo wa maji, ndiko Lerna, nyumbani kwa Hydra, joka la vichwa vingi. Kaskazini, nyuma ya vilima, ndiko Nemea alikouawa simba. Nilipokuwa nasoma hizi kazi kumi na mbili nilidhani shujaa anazunguka dunia tangu mwanzo. Kumbe sita za kwanza zote ni humu humu Peloponnese, rasi hii ya kusini mwa Ugiriki, za jirani, mambo ya shamba: mnyama anayekula mifugo, nguruwe, ndege waharibifu, zizi la kusafisha. Ni baadaye anatumwa Krete, Thrake, kwa Waamazoni, mwisho wa dunia kwa Geryon na Atlas, na hatimaye kuzimu. Nadhani msimuliaji alianza na vinavyoonekana kutoka hapa ukutani, kisha akasogea mbele hadi ardhi ikamwishia.

Tulichukua teksi hadi Myloi, euro 20 baada ya kupatana. Bwawa la Lerna limekaushwa, siku hizi ni bustani za matunda, lakini chemchemi bado zinabubujika chini ya mlima na maji ni baridi ya kuuma meno. Herakles alipokata kichwa kimoja cha Hydra viliota viwili, hadi mpwa wake Iolaos alipoanza kuchoma shingo kwa moto. Kisha akachovya mishale yake kwenye nyongo ya yule joka. Ile sumu ikumbukeni, itarudi. Eurystheus alikataa kuihesabu kazi hii kwa sababu Herakles alisaidiwa, na akaja kukataa ile ya zizi la Augeias kwa sababu alidai malipo. Ndiyo maana kazi kumi ziligeuka kumi na mbili. Wifi alicheka sana. Anasema amewahi kuwa na mkuu wa shule wa namna hiyo.

Jioni, pweza wa kuchoma Nafplio, euro 16, mgumu kidogo.

Ijumaa. Epidaurus

Mabasi ni machache, kwa hiyo ulizieni la mwisho la kurudi kabla hamjashuka. Hapa palikuwa hospitali ya Asklepios, mtoto wa mungu Apollo, aliyelelewa na Chiron, nusu mtu nusu farasi, na kuwa tabibu hodari hata akafufua wafu. Zeus akampiga radi, maana kuzimu kungebaki tupu. Wagonjwa walilala usiku kwenye jengo maalumu wakisubiri mungu awatembelee ndotoni.

Ukumbi wa michezo una safu 55 za mawe. Nilipanda hadi ya mwisho nikahesabu mapigo ya moyo wangu. Wifi alibaki chini, katikati kabisa, kwenye jiwe la duara. Watalii wengine walikuwa wanapasua karatasi na kudondosha sarafu kujaribu mwangwi. Yeye hakupaza sauti. Alisema tu, kama anayesimama mlangoni kwa jirani:

"Hodi."

Niliisikia kama yuko pembeni yangu. "Karibu!" nikajibu, na mlinzi akapuliza filimbi kwa sababu mimi ndiye nilipiga kelele.

Jumamosi. Tripoli, na mengine ya kusahau

Kutoka Nafplio hadi Olympia hakuna basi la moja kwa moja. Unabadilisha Tripoli (si ya Libya), kisha Pyrgos. Basi la pili lilichelewa karibu saa tatu bila maelezo. Mwanafunzi mmoja wa kijeshi aliyekuwa anakwenda likizo alitugawia tyropita, mkate wa jibini, ya mama yake, akatupigia simu nyumba ya wageni ya Olympia kuwaambia tutafika usiku. Mwenye nyumba alitusubiri na supu.

Jumapili. Olympia

Nendeni kwanza makumbusho, ndipo magofu. Kwenye ukumbi mkuu kuna vibao vya mawe kutoka hekalu la Zeus vyenye kazi zote kumi na mbili. Kile cha Atlas kilitukalisha. Herakles amebeba mbingu mabegani badala ya Atlas, ambaye anamletea matofaa ya dhahabu mikononi. Nyuma yake Athena ameinua mkono mmoja tu, bila kujikaza, anamsaidia. Kati ya mabega na mbingu Herakles ameweka mto uliokunjwa.

"Tazama," wifi akasema, "kaweka ngata."

Kweli. Mchongaji wa karne ya 5 KK alijua mzigo haubebwi mkavu.

Ukuta wa pili una Pelops na mfalme Oinomaos wakijiandaa kwa mashindano ya magari ya farasi, na hapo kesi ya Mycenae ikapata mwanzo wake. Pelops alimhonga Myrtilos, mwendesha gari wa mfalme, aharibu magurudumu. Aliposhinda na kumwoa binti wa mfalme, alimtupa Myrtilos baharini badala ya kumlipa. Myrtilos akaulaani ukoo wa Pelops wakati anaanguka. Pelops ndiye baba wa Atreus. Wifi alitoa daftari langu mkononi akachora mti wa ukoo mwenyewe, na mshale mwekundu kwa Pelops.

Uwanja wa mbio una urefu wa mita 192, na mtu yeyote anaruhusiwa kukimbia. Tulikimbia. Mbele ya hekalu la Hera ndipo mwenge wa Olimpiki huwashwa kwa kioo na jua. Mwenge uliowashwa hapo mwaka 2008 ulipita Dar es Salaam tarehe 13 Aprili, kituo pekee Afrika, na wifi alikuwepo barabarani akiwa msichana. Mlinzi wa pale hakujua, akafurahi kuambiwa.

Jumatatu. Kwenda Delphi

Siku nzima: Pyrgos, Patra, daraja refu la Rio–Antirrio, Itea, Delphi. Mnapovuka daraja, mto Evinos uko upande wa magharibi. Huko nusu-farasi Nessos alijaribu kumteka Deianeira, mke wa Herakles, Herakles akamtungua kwa mshale wenye ile sumu ya Lerna. Akifa, Nessos alimdanganya mama huyo kwamba damu yake ni dawa ya mapenzi. Miaka ikapita, mke akaipaka kwenye vazi, mume akalivaa, na nyama ikaungua mwilini.

"Mganga wa mapenzi," wifi akasema akiangalia dirishani. "Hao wapo kila mahali."

Jumanne. Delphi

Pangeni kulala. Watu wa safari za siku moja hufika saa tano, na kabla ya hapo mlima wote ni wenu. Euro 20 pamoja na makumbusho. Hekalu la Apollo limebaki nguzo chache juu ya bonde la mizeituni linaloteremka hadi baharini. Apollo alimuua hapa joka Python, na kuhani wa kike, Pythia, akawa anatoa majibu. Kroisos, mfalme wa Lydia, aliambiwa akivuka mto Halys ataangusha himaya kubwa. Alivuka, akaangusha ya kwake.

Na ni hapa Herakles alikuja baada ya kuua watoto wake kwa wazimu, akaambiwa aende Tiryns akamtumikie Eurystheus. Kwa maana hiyo tulimfuata kinyumenyume wiki nzima. Siku nyingine Pythia alipokataa kumjibu, alijaribu kuiba kiti chake cha miguu mitatu, Apollo akakishika, wakavutana hadi Zeus akaamulia. Mvutano huo upo makumbusho, umechongwa juu ya jengo la hazina la watu wa kisiwa cha Siphnos, kila mmoja kashika mguu wa kiti. Wifi aliupiga picha mara nyingi. Hiki, alisema, ndicho kikao alichokuwa anakitafuta.

Basi la kurudi Athens ni mwendo wa saa tatu. Kateni tiketi mapema, Jumapili hujaa.

Jumatano. Athens, saa chache kabla ya ndege

Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, ambayo Jumanne hufunguliwa saa saba mchana, msije mkagonga mlango asubuhi. Kinyago cha dhahabu kinachoitwa cha Agamemnon kipo, ingawa ni cha karne ya 16 KK, yaani kilizikwa mamia ya miaka kabla ya vita vya Troya. Masikio yamekatwa kando, masharubu yamepinda juu.

Chumba kingine kuna mungu wa shaba, mita 2 na kidogo, aliyetolewa baharini Artemision miaka ya 1920. Mkono wa kulia umerudi nyuma kutupa kitu, lakini kitu chenyewe hakipo. Kama kilikuwa radi, ni Zeus. Kama kilikuwa mkuki wa ncha tatu, ni Poseidon. Wataalamu wengi wako upande wa Zeus. Wifi alimzunguka, akasimama mbele ya ule mkono mtupu, akaamua ni Poseidon, kwa sababu amekutwa kwake. Mimi nilikuwa upande wa Zeus. Tulibishana hadi kwenye metro, ya euro 9.